Pembe Moja Isiyoisha

Simu ilifika Mbulu kabla yangu. Mtu mmoja wa Gendabi, ambaye simtaji kwa sababu bado tunauziana alizeti, alimpigia shemeji yake akamwambia ameona Landrova ya Petro ikipita mbio, inaendeshwa na Basili, Martina mke wa Petro amekaa mbele, na Petro mwenyewe, yaani mimi, yuko nyuma amekumbatia kondoo. Aliishia hapo. Mengine mkajazia wenyewe, na niliporudi nikakuta mmeshaniandalia pole za kila aina, nyingine zikiwa na kicheko ndani yake.

Sasa mnataka nieleze. Nitaeleza, tena bila kuficha, maana nikificha Martina atawaambia. Naomba tu msome mpaka mwisho ndipo mcheke.

Yaeda Chini: asali

Chanzo ni mwanangu Emanueli. Siku ya kipaimara cha mdogo wake alikunywa bia, akachanganya na zile pakiti ndogo za pombe kali ambazo siku hizi, tangu biashara iwe ya kila mtu, zinaning'inia kwenye kila kioski kama peremende. Halafu akasimama mbele ya wageni akasema ng'ombe ambao mkewe Udasiana alipewa na baba yake alipoolewa walikuwa mifupa mitupu. Mnawajua wakwe zetu wa Hanang. Ukimtukana mtu wa kule atakusamehe, lakini ukitukana ng'ombe wake umemaliza. Udasiana alikuwa na mimba kubwa. Asubuhi alifunga nguo zake akarudi kwao Dirma.

Babu yake, Mzee Gidamis, akatuma ujumbe. Hataki simu, hataki mchungaji, na huyo Emanueli asikanyage kwanza. Aje baba mtu, anywe naye pombe ya asali ya mapatano, ndipo wampe mkwe wake arudi naye. Asali itoke kwetu, wao watapika. Hayo ndiyo yaliyonipeleka Dirma: kumrudisha Udasiana, na mjukuu wangu wa kwanza aliyekuwa tumboni mwake. Mengine yote njiani ni nyongeza.

Kwa hiyo niliteremka Yaeda Chini kutafuta asali. Ile njia mnaijua, kama njia ni jina lake. Nilikaa kutwa nzima kwenye kivuli nikimsubiri mzee mmoja Mhadzabe ambaye niliambiwa anarudi sasa hivi. Aliporudi alinipa kipande cha sega na watoto wa nyuki wakiwa humo humo, akaniangalia nitafanya nini. Nikala. Akacheka, na kuanzia hapo tukaelewana vizuri, asali yake kwa mahindi yangu.

Nilihitaji ndoo moja. Nilichukua mbili, tena ile nyeusi nzito. Martina aliniuliza za nini zote hizo nikamwambia heshima. Ukweli ni kwamba Basili alipomwozesha binti yake alipeleka ndoo moja, na watu waliisifu mpaka nikachoka kusikia. Ndoo zangu mbili nikazipakia kwenye lori la magunia zitangulie Dirma, wapikaji wapate nafasi ya kuzifanyia kazi.

Mbulu hadi Dongobesh: kiti cha mbele

Kwa wasiomfahamu Basili, ni bwana afya mstaafu, mjane, meno yote anayo. Zamani, kabla yangu, alipeleka posa kwa baba yake Martina, akakataliwa kwa sababu hakuwa na mifugo. Mimi nilikuwa nayo. Jambo hilo lilikwisha tukiwa vijana na kila mtu amelisahau, isipokuwa mimi.

Basi usiku wa kuamkia safari Martina ananiambia, "Baba Emanueli, nimemwomba kaka Basili aende na sisi."

"Kufanya nini?"

"Kuendesha. Wewe utakunywa kule, na huwezi kukataa. Kurudi tutakuwa na mjamzito ndani ya gari. Nani atashika usukani?"

"Mimi nimeendesha gari hili tangu Mbulu yetu ikiwa mkoa wa Arusha. Leo mkoa wa Manyara ndio umenifanya nisijue?"

"Unajua sana. Ukiwa hujanywa."

Nikazima taa. Asubuhi Basili alikuwa mlangoni amenyoosha shati kwa pasi mpaka mikunjo inakata, na mfuko wa karanga mkononi. Karanga zenyewe akampa Martina. Nilishika usukani mimi, Martina akakaa katikati, Basili mlangoni. Mpaka Dongobesh walizungumza juu ya mbegu za viazi, juu ya kwaya, juu ya marehemu fulani aliyewafundisha wote wawili. Baridi ya Mbulu ilikuwa ikiingia dirishani, lakini mimi masikio yalikuwa ya moto. Kila Martina alipocheka nilibadilisha gia hata pasipohitaji.

Dongobesh palikuwa na mnada. Tulikaa nyuma ya ng'ombe muda mrefu, hawana haraka, na wenye ng'ombe hawana haraka zaidi. Basili akashuka akaamkia wazee, "Shikamoo, shikamoo," akaomba njia kwa maneno matamu, na wale watu waliokuwa hawanisikii nikipiga honi wakatupisha wakitabasamu. Martina akasema, "Umeona?" Nilikuwa nimeona.

Dongobesh hadi Basotu: samaki

Mbele kidogo ya Dongobesh tairi lilipasuka. Tairi la akiba nalo, nilipolishusha, lilikuwa laini kama andazi. Basili hakusema kitu, na hilo ndilo lililoniudhi. Angenilaumu ningepata la kujibu. Alilitoa tairi lililopasuka, akasimamisha pikipiki, akaenda nalo kuziba Dongobesh, akarudi shati bado limenyooka. Mimi nilikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi.

Tulifika Basotu njaa imetushika. Tukaingia mgahawa mmoja unaotazama ziwa. Dada mhudumu akaja na ndoo ya maji ya kunawa, akaanza na Basili, akaenda kwa Martina, akawaambia, "Karibuni mama na baba, kuna perege wa leo leo." Kisha akanitazama mimi na vumbi langu, akamwuliza Basili, "Na dereva wenu tumpe nini? Kuna maharage."

Martina alicheka mpaka akashika meza. Basili, sifa zimwendee, alisema haraka, "Huyu ndiye mwenye mke na mwenye gari, dada. Mimi nimepewa lifti." Yule dada akaomba radhi sana, akaniletea samaki mkubwa kuliko wote. Sikumfaidi. Samaki alikuwa mtamu, nazungumzia roho yangu. Nilimtafuna huku najiuliza kitu gani usoni mwangu kinasema maharage.

Hapo ndipo nilipoamua. Kwenda nitaendesha mimi na kurudi nitaendesha mimi. Mapatano nitayanywa, lakini nitayanywa kwa akili, na ufunguo wa gari langu hautatoka mfukoni mwangu kwenda kwa mtu mwenye shati la pasi.

Basotu hadi Katesh: hesabu

Ili kunywa kwa akili nilihitaji hesabu, na mwenye hesabu alikuwa Basili. Alishawahi kuzunguka vijiji akifundisha watu habari za ulevi na ajali. Nikamwuliza kama mtu anayeuliza tu kupitisha barabara. Mlima Hanang ulikuwa mbele yetu, juu umefunikwa na wingu, na mashamba ya ngano pande zote.

"Hivi bwana afya," nikasema, "mtu wa mwili kama wangu, akinywa, inamtoka baada ya muda gani?"

Akafurahi kuulizwa. Akasema kwanza ujue kitu chenyewe kina nguvu gani, pili umekunywa kiasi gani, tatu umekunywa kwa muda gani. Mtu mnene na mwembamba hawalingani, mwanamke na mwanamume hawalingani hata mizani ikisema sawa, na aliyekula hupandwa polepole kuliko mwenye tumbo tupu. Chupa moja ya bia, kwa mtu kama mimi, mwili unahitaji saa mbili na zaidi kuimaliza. Chupa ya pili inasubiri ya kwanza itoke.

"Na kahawa?"

"Kahawa inakupa mlevi aliye macho."

"Na kuoga maji baridi?"

"Mlevi msafi."

Martina akacheka tena. Nikameza, nikaendelea. "Na pombe ya asali?"

"Hiyo sithubutu, Petro. Chupa ya bia imeandikwa nguvu yake. Ile inategemea asali, mizizi waliyotia, imelala siku ngapi. Huwezi kukadiria usichojua nguvu yake. Anayekunywa ile asiendeshe siku hiyo, kwisha. Hata asubuhi yake ajiangalie."

Nilisikia yote, nikachukua yaliyonifaa. Nilijiambia: asubuhi nitashiba ugali na maziwa. Nitapokea pembe moja, moja tu, kwa sababu kule pombe ya heshima hunywewa kwa pembe ya ng'ombe. Pembe moja tuseme ni kama chupa mbili za bia, tuiongeze iwe tatu kwa usalama. Nikianza mapema, nikinywa kidogo kidogo kutwa nzima, jioni itakuwa imenitoka. Niliirudia hesabu hiyo mpaka taa za Katesh, na kila nilipoirudia ilitoka sawa. Tulilala nyumba ya wageni. Asubuhi Basili alikuwa amenyoosha shati jingine. Sijui alipata wapi pasi.

Katesh hadi Dirma: salamu

Kipande hiki ni kifupi kwa macho na kirefu kwa gari. Vumbi, makorongo, ng'ombe wanaovuka wanavyotaka. Mama mmoja mwenye mavazi ya ngozi na bangili za shaba mpaka viwikoni alitusimamisha, akapanda nyuma bila kuuliza tunakwenda wapi, akashuka penye miti mitatu, akatubariki kwa lugha yake, akatemea mate upande wa gari. Nilitaka kukasirika. Basili akanieleza kwamba hiyo ndiyo baraka yenyewe. Hata mate anayajua, nikawaza.

Dirma walikuwa wakitungoja. Nilimwamkia Mzee Gidamis shikamoo huku nimeinama, akashika mkono wangu kwa muda mrefu, fimbo yake imelala mapajani. Udasiana nilimwona kwa mbali mlangoni pa nyumba ya mama yake, akageuza uso kando kama desturi. Kwao mke hasemi na baba mkwe, hata jina lake halitamki. Tangu aolewe alikuwa anapitisha kila neno kwa Martina, hata kuniambia chakula tayari. Tumbo lilikuwa limeshuka. Martina alilitazama, akanitazama mimi, akaenda kwa wanawake.

Dirma: pembe

Tulikaa wanaume kwenye ngozi za ng'ombe, nje ya boma. Kabla ya yote wakataka kumpa Basili pembe, naye akainuka akasema kwa heshima, "Wazee wangu, mimi leo ni mchungaji wa gari. Naomba maziwa." Nilitegemea watamkasirikia. Mzee Gidamis alicheka, akasema hata wao hawampi pombe anayepeleka ng'ombe majini, akaagiza aletewe maziwa ya mgando kwenye kibuyu kilichopambwa shanga. Kibuyu cha shanga! Mimi mwenye mapatano nikapewa pembe nyeusi isiyo na pambo lolote. Nilimwonea wivu hata kwa maziwa, na wivu huo siuombei radhi.

Pembe ile ilikuwa nzito, imejaa, na povu juu. Kitu kimoja ambacho hesabu yangu haikuwa nacho: pembe haina kitako. Huwezi kuiweka chini ukapumzika. Unaishika, na kwa kuwa umeishika, unakunywa. Nyuma yangu aliketi mdogo wake Mzee Gidamis, aitwaye Gwandu, mtu mzima mwenye kimya chake, na kibuyu kikubwa mbele ya magoti. Nilidhani ameketi pale kwa kupenda kivuli.

Pombe ilikuwa tamu. Ilikuwa asali yangu mwenyewe, ile nyeusi ya Yaeda Chini, ndoo zote mbili. Mzee Gidamis alisema hajapata kunywa iliyoiva hivi tangu ujana wake, na nikavimba kichwa. Nikanywa kidogo. Wakazungumza juu ya ng'ombe, mmoja mmoja, wale waliotukanwa na mwanangu: yule mwekundu alizaa mara ngapi, yule mwenye baka alitoka kwa nani. Kwa kila ng'ombe nilitakiwa kusema, "Ni ng'ombe mzuri," na kunywa kidogo. Nilisema kwa moyo wote. Nikiangalia pembe yangu naona bado iko juu ya nusu. Nikajipongeza. Jua limepanda, limesimama, limeanza kuteremka, na mimi bado niko kwenye ile ile ya kwanza! Nilimtupia Basili jicho kule aliko na kibuyu chake cha shanga, nikasema moyoni, tutaona jioni nani atakaa karibu na nani.

Mzee Gidamis akasimama, akanyunyiza pombe upande wa mlima, akasema maneno yamekwisha, binti arudi. Wote tukaitikia. Nilisikia kifua changu kinafunguka. Tulikuwa tumefanikiwa.

Kabla hatujakaa, mama yake Udasiana akatoka mbio nyumbani. Uchungu ulikuwa umeanza tangu asubuhi, mtoto wa watu ameficha ili asivunje kikao cha wazee. Sasa damu inatoka. Mkunga wa pale amesema hii inamshinda, apelekwe hospitali Katesh, sasa hivi.

Niliinuka wa kwanza. Mguu ulikuwa imara, kichwa kiko wazi kama asubuhi, ndivyo nilivyojiona. Ufunguo ulikuwa mkononi mwangu kabla ya mtu kuutaja. Wanawake wakamleta Udasiana, wakampandisha mbele, Martina akaingia mlangoni akamlaza kichwa mapajani. Nikafungua mlango wa dereva. Basili alikuwa amesimama hapo, hakunizuia, ila hakuondoka.

"Baba Emanueli," Martina akasema kutoka ndani, "umekunywa pembe ngapi?"

"Moja. Na haijaisha." Nikainyoosha aione. "Tazama, imebaki nusu. Kutwa nzima! Mwulize Basili mwenyewe, hiyo si imeshanitoka?"

Nilikuwa nasema kweli. Ndipo Gwandu, yule wa kimya, alipokuja amejaa furaha, akidhani nasifia ukarimu wake. Alikuwa na kile kibuyu kikubwa. Akakigeuza juu chini mbele yangu, likadondoka tone moja.

"Moja!" akasema. "Mgeni akiona chini ya pembe ni aibu kwetu. Nimeijaza kila ilipoteremka, wewe ukiwa umewageukia wazee. Hiki chote ni chako peke yako, ndugu yangu. Hakuna mtu mwingine amekionja."

Kile kibuyu, ndugu zangu, kingetosha maji ya kuoga mtu mzima. Nilikitazama, nikaitazama pembe. Kutwa nzima nilikuwa nahesabu kitu ambacho kulikuwa na mtu nyuma yangu kazi yake ni kunipotezea hesabu, kwa heshima kabisa. Na bado, nawaambia, bado mkono wangu haukuachia ufunguo. Nilimwona Basili na shati lake. Nikaona atakavyopanda kwenye kiti changu, na magoti ya mke wangu pale pale. Nikasema, "Mimi naiweza barabara hii hata nikiwa usingizini."

Udasiana akainua kichwa. Uso ulikuwa umelowa jasho. Akanitazama machoni, jambo ambalo halijawahi kutokea nyumbani kwetu.

"Baba," akasema. "Naomba usiendeshe wewe."

Ilikuwa sauti ambayo sikuwahi kuelekezewa. Nikampa Basili ufunguo. Nilimpa bila kumtazama, na alipouchukua nilitamani kumng'ata.

Dirma hadi Katesh: nyuma

Nikapanda nyuma pamoja na mama yake Udasiana. Watu wa Dirma wakaturushia kondoo wa mafuta wa kumpikia mzazi, na kwa kuwa hakufungwa vizuri ikabidi nimshike. Ndivyo tulivyopita Gendabi. Yule mpiga simu aliona sawa, hakuongopa. Kupitia kidirisha cha nyuma nilikuwa naona kisogo cha Basili, na mkono wa Martina ukimpangusa Udasiana, na mara moja ukamgusa Basili begani kumwonyesha shimo. Mara moja tu. Niliona.

Penye korongo moja mchanga ulikuwa mwingi, Basili akasimama akaomba walio nyuma wateremke gari lipite jepesi. Nikasema, ngoja waone kama mimi ni mlevi. Nikaruka kama nilivyoruka kutoka gari hili maisha yangu yote. Ardhi ilikuwa mbali kuliko nilivyoiona. Nilitua kwa makalio, nikajaribu kusimama, nikatua tena. Mkwe mwenzangu, mama wa watu, alinitazama kutoka juu na kondoo wake, akashuka taratibu, akanishika kwapa, akaniinua. Hakucheka. Afadhali angecheka.

Nilisimama kwenye mchanga nikiangalia gari likivuka. Basili alikuwa akiliendesha kama mtu aliyebeba mayai: tairi kwenye jiwe, linapumzika, tena tairi kwenye jiwe. Nikajaribu kuona ningelipitisha wapi mimi. Nilitazama lile korongo na nikashindwa kujua kina chake. Hapo ndipo nilipoogopa. Nilikuwa sijaogopa siku nzima, na woga uliniingia wote kwa pamoja. Wivu nao haukutoka. Vilikaa vyote viwili humo ndani, vikisukumana.

Katesh: mtoto

Alizaliwa jua halijazama. Muuguzi alitoka akasema mama amepoteza damu nyingi lakini yuko hai, mtoto wa kiume, na kwamba tungechelewa kidogo tu yeye asingekuwa na la kutuambia. Martina akakaa chini sakafuni akalia. Basili alikwenda nje kusimama karibu na gari, nikadhani anajionyesha. Nilipomfuata nilikuta amegeukia ukuta, amefunika uso ili watu wasimwone. Nikampa maji ya kunywa niliyokuwa nimejinunulia mimi.

Siku iliyofuata Mzee Gidamis alifika kwa lori, na fimbo yake. Kichwa changu kilikuwa kinapiga ngoma, lakini nilikuwa nimejiandaa. Mjukuu wa kwanza wa kiume, lazima nitaulizwa jina, na nilikuwa na jina: Tluway, la marehemu baba yangu. Nilisafisha koo. Nikaanza kueleza baba alikuwa mtu wa namna gani.

Mzee akanigusa goti kwa fimbo. "Amekwisha kuitwa," akasema. "Mama yake amemwita alfajiri. Kwetu mtoto anaitwa kwa kilichomleta."

"Anaitwa nani?"

Mzee akatazama pembeni, kwa adabu. Martina ndiye aliyejibu. "Basili."

Mnanijua. Nilisimama. Nikasema mtoto wa Emanueli mwana wa Petro mwana wa Tluway hawezi kubeba jina la mtu aliyekataliwa posa. Nikasema asali ilikuwa yangu, gari langu, mafuta ya gari yangu, mapatano nimeyanywa mimi mpaka tone la mwisho. Nikasema kuna majina elfu. Nilisema kwa sauti, hospitalini, mpaka muuguzi akachungulia.

Martina alinisubiri nimalize. Alikuwa na mtoto kifuani, hakupandisha sauti hata kidogo.

"Baba Emanueli, chagua," akasema. "Uwe na mjukuu anayeitwa Basili, au uwe na msalaba ulioandikwa Tluway."

Kisha akaninyooshea mtoto. Nikampokea. Alikuwa mzito kuliko nilivyotegemea, ana nywele nyingi, ngumi amezikunja kama mtu aliyekuja kudai kitu. Basili alikuwa mlangoni na shati la jana, limechafuka damu begani, hakupata pasi. Nikamgeuzia mgongo. Nikainama karibu na sikio la mtoto nikamwita kwa jina lake, mara ya kwanza, kwa sauti ndogo sana, ili yule mwingine asiitike.